Mjadala: Mdhibiti akimezwa na mwenzake, ripoti ya mwisho iandikwe na nani?

Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mashirika 42 ya serikali yaunganishwe yawe 20. Hapa Nairobi gumzo likawa mishahara na nani atabaki na kiti. Mimi nauliza la makaratasi: mdhibiti, yaani shirika linalotoa leseni na kusimamia sekta, akimezwa mwishoni mwa Februari, ile miezi minane tangu mwaka wa fedha uanze Julai, nani ataitolea maelezo?

Nasema anayemezwa afunge vitabu siku yake ya mwisho na aandike ripoti yake mwenyewe. Sheria ya fedha za umma ya 2012 humpa afisa mhasibu, yule anayewajibika kwa fedha za shirika, miezi mitatu baada ya mwaka wa fedha kuisha apeleke hesabu kwa Mkaguzi Mkuu. Mitatu hiyo hiyo ihesabiwe tangu siku ya kufungwa.

Nimewahi kuwa karani katika ofisi iliyomezwa hivi. Jina naliweka kibindoni. Siku ya kuhama, pesa zilihesabiwa hadi senti. Rejista ya malalamiko, kitabu kinene cha jalada jekundu, tuliitia kwenye katoni ya karatasi za printa na kuandika juu yake "MENGINEYO". Mwaka uliofuata ripoti ya wakubwa wapya ilikuwa na jedwali safi la leseni. Malalamiko yalianza upya na namba moja, na walalamikaji wa zamani bado walikuwa wakitupigia simu.

— Mkuu, mrithi huchukua vyote: mali, madeni, kesi. Ripoti mbili za nini? Tutakaolipia ni sisi walipa ushuru.

Kurithi deni ni kitu kimoja, kueleza lilivyoingia ni kingine. Tena kinachomezwa hutapikwa. Sheria ya 2013 ilizitia bodi za chai, kahawa na sukari katika mamlaka moja ya kilimo. Ya chai ikarudishwa na sheria ya 2020, ya sukari na ya 2024. Takwimu za miaka ya katikati zikiwa zimechanganywa katika chungu kimoja, bodi inayorudi ianzie wapi?

— Na sahihi atatia nani? Ofisi imekufa, mkurugenzi ashapata kazi kwingine.

Hapo umenibana kidogo. Sheria ya kuunganisha imtaje kwa cheo, asiachiliwe hadi hesabu zipokewe. Akitoroka, naibu wake atie, na ile katoni ifunguliwe mbele ya mkaguzi.