Ushauri: Mafunzo ya kumbukumbu kwa mtoto, laki nne. Nilipe?

Mama Uyole
Habari za jioni wapendwa. Mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la pili. Ukimtuma chumvi, kiberiti na sabuni ya mche, anarudi na chumvi na chenji, anauliza, "Mama, ulisema nini tena?" Hesabu za kichwa ndiyo kabisa. 27 jumlisha 15, akifika kwenye kubeba 1, ile 2 ameshaisahau. Lakini hadithi ya bibi yake anaisimulia mwanzo hadi mwisho.

Kituo kimoja mjini wanasema kumbukumbu yake ya kushika mambo wakati anafanya kazi ni dhaifu. Wana michezo ya kwenye kishikwambi, siku 5 kwa wiki, wiki 5. Hela ninayo, ila ni ya mbolea na mvua zinakaribia. Ningejua itamsaidia ningeitoa leo. Naombeni ushauri.

Baba wa Mwanjelwa
Pole dada. Wangu nilimpeleka mwaka juzi. Kwenye mchezo alipanda kweli, kutoka kushika namba 4 mpaka 7, nikafurahi mno. Muhula ulipoisha, hesabu zilikuwa zilezile.

Mwalimu Tukuyu
Ndicho walichokikuta watafiti pia. Programu maarufu zaidi, Cogmed, ilianzia Sweden kwa mtafiti wa ubongo, Torkel Klingberg, na majaribio ya mwanzo yalitia watu moyo sana. Kisha Melbourne, Australia, wakachukua watoto 452 wenye kumbukumbu dhaifu, nusu wakapewa mafunzo. Matokeo yalitoka 2016: baada ya miaka 2 hawakuwazidi wenzao kusoma wala tahajia, na kwenye hesabu walikuwa nyuma kidogo. Na vipindi vya darasani walivyovikosa kwa ajili ya mafunzo hayo navyo ni hasara. Mtoto anakuwa hodari wa mchezo ule, basi.

Mama, mpunguzie mzigo wa kichwani. Ile 1 ya kubeba aiandike juu ya namba. Ukimtuma, akurudie kwa mdomo kabla hajatoka mlangoni. Na mwalimu wake umuombe ampe maagizo mawili mawili, si matano kwa mpigo. Mimi nina wanafunzi wa namna hii kila mwaka, wanafaulu.

Nesi wa Iringa
Kabla ya yote, masikio! Je, anaugua sikio? Anakoroma usiku? Mtoto anayesikia nusu ya maneno, au asiyelala vizuri, utasema anasahau. Kapimeni kwanza.

Mama Uyole
Jamani. Anakoroma, na mwezi wa sita, ule wa baridi kali, sikio la kulia lilitoa usaha wiki nzima. Nililiwekea pamba tu, nikadhani yameisha. Sikuwahi kuliunganisha na haya.

Laki nne inabaki kwenye mbolea. Jumatatu tunakwenda Rufaa. Leo nimemtuma vitu viwili, akavirudia, akatoka amekunja vidole viwili. Kaleta vyote, chenji kaisahau kwa Mangi.

Nesi, niende na kadi yake ya kliniki?

Nesi wa Iringa
Nenda nayo, na umwambie daktari habari ya ule usaha hata asipouliza.