Magomeni: nyumba za vyumba sita zivunjwe zote, au zibaki?

MwanaMapipa: Wakuu, jana nimepita Magomeni Mapipa, nyumba nyingine imelala chini. Ile yenye baraza pande mbili za mlango, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani mwembe. Limebaki shimo lililozungushiwa mabati. Nauliza kwa nia njema: zivunjwe zote, au mitaa michache iachwe kama ilivyo? Mwalimu Nyerere aliishi Magomeni, nyumba yake leo ni makumbusho. Itabaki peke yake katikati ya maghorofa kama jino la kikongwe?

KoplaMstaafu: Zivunjwe. Choo kimoja, watu ishirini, alfajiri mko foleni na kopo mkononi, halafu mtu anakuja hapa na historia. Na tuambiane ukweli, watu wa Magomeni sifa yenu ni baraza, bao na kahawa. Kazi hamna.

BintiMikumi: "Kazi hamna" unamwambia nani? Marehemu baba alikuwa kuli bandarini, saa kumi alfajiri yuko njiani. Jioni alikaa barazani kwa sababu chumba kilikuwa cha bati, ndani watoto watano. Msiba ukitokea ulitangazwa hapo, mchango ukapitishwa hapo. Mgeni kashuka basi na begi lake, hajui nyumba, anaelekezwa hapo.

KoplaMstaafu: Dada, sijamtukana mzee wako. Nimesema sifa.

MzeeWaUani: Sifa hiyo ya Kariakoo, mmetubandika sisi wa ng'ambo ya Msimbazi. Kariakoo ndiyo yenye maneno. Hata jina lake ni la Wajerumani.

Msomi_Kinondoni: Mzee shikamoo. Jina halina Ujerumani. Ni Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliuteka mji 1916 wakawaweka pale. Mjerumani aliacha jengo la soko tu.

MzeeWaUani: Marahaba. Sasa nimekosea wapi, jengo si lake? Mimi nimezaliwa hapa kabla ya Uhuru. Wewe umeingia mjini lini?

Msomi_Kinondoni: 2009. Kwani wapagazi walikuwa na cheti cha kuzaliwa cha Dar?

PwaniTupu: Hahahaa mzee kapatikana! Ila tusisahau, Wazaramo ndio wenye mji. Wengine wote wa kuja, tofauti ni basi mlilokuja nalo.

MzeeWaUani: Babu yangu Mmanyema, katoka Ujiji kwa miguu. Basi gani?

PwaniTupu: Basi la miguu mzee 😂

Wakili_wa_Mtaani: Naomba niingie hapo katikati. Msichanganye Kota za Magomeni na nyumba za mitaani. Kota zilikuwa mali ya umma. Wapangaji waliondolewa, wakasubiri karibu miaka kumi, ndipo zikaja ghorofa za familia 644 zilizozinduliwa 2022. Hizi za mitaani hakuna tingatinga la serikali. Zinauzwa na warithi. Mzee anafariki, anaacha nyumba moja na watoto tisa wa mama watatu. Vyumba sita utavigawaje kwa tisa? Wanakwenda Mahakama ya Mwanzo, anateuliwa msimamizi wa mirathi, nyumba inauzwa, kila mmoja anabeba fungu lake anakwenda kuanza Chanika au Kivule. Mnaotaka nyumba ibaki, semeni nani atawalipa hao tisa.

BintiMikumi: Kopla bado hajaomba radhi.

KoplaMstaafu: Radhi ya nini? Mvua ikinyesha, barabara ya Jangwani ikafungwa, nani anafika kazini huko kwenu? Mnaanza bao saa tatu asubuhi.

BintiMikumi: Na wewe mstaafu unaanza saa ngapi?

PwaniTupu: 😂😂😂

MamaKota: Mimi nimerudi Kota, nakaa ghorofani. Kopla kwenye choo nakuunga mkono. Choo changu, ufunguo wangu, usiku sitoki na tochi. Ila jirani wa mlango wa pili simjui jina. Zamani ningejua mpaka anadaiwa na nani, na hilo nalo silililii sana.

MwanaMapipa: Wakuu, swali langu lilikuwa nyumba. Wakili kauliza jambo zito hapo juu, mmempita kama kituo cha mwendokasi kilichofungwa.

Msomi_Kinondoni: Sawa, ila kwanza mzee akubali Carrier Corps.

MzeeWaUani: Nimekubali nusu. Kijana, Jumamosi baada ya alasiri pita Mapipa, nikuonyeshe nyumba tatu ambazo hazijauzwa. Kahawa ipo. Kopla asije.

KoplaMstaafu: Nakuja. Bao lipo?