Betri au altaneta: ninunue ipi kwanza?

Ngazi_ya_Tatu (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za saa hizi. Gari langu linasumbua kuwaka. Fundi mmoja kasema betri imekufa, mwingine kasema altaneta (ile inayozungushwa na injini ili ichaji betri) haichaji. Hela iliyopo inatosha kitu kimoja tu. Nimeshapata betri mpya na nimeshapata altaneta iliyotumika, na wauzaji wote wawili wanataka jibu kesho. Nichukue ipi?

Waya_Mweusi
Mkuu, hapo hujasema kitu. "Linasumbua kuwaka" ndiyo nini? Stata (mota ya kuwashia injini) inazunguka kwa uchovu, au haizunguki kabisa na unasikia tiki tiki tiki? Linasumbua asubuhi tu, au hata ukizima njiani dakika kumi? Taa ya betri kwenye dashibodi inawaka ukiwa unaendesha? Betri ina umri gani, ni ya kuongeza maji au iliyofungwa? Gia ni za mkono (manyo) au otomatiki? Na hao mafundi wawili walipima kwa mita au kwa macho?

Mzee_wa_Kabureta
Maswali mengi ya nini? Washa gari, chomoa terminali ya hasi injini ikiwa inanguruma. Likizima, altaneta imekufa. Likiendelea, nunua betri. Dakika moja umemaliza.

Ohmu
Ngazi_ya_Tatu, usithubutu kufanya hivyo. Mzee, kipimo hicho kilifaa enzi za dainamo, kabla ya altaneta. Kwenye altaneta, betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiichomoa wakati altaneta inasukuma ampea nyingi, nguvu iliyomo kwenye koili haina pa kwenda na regyuleta (kidhibiti cha volti) haiwahi kuitikia. Volti zinaruka ghafla, zinaweza kupita 80 kwa sehemu ya sekunde. Hapo unaweza kuua dayodi (vipande vya altaneta vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu), kompyuta ya injini na redio kwa mkupuo mmoja.

Halafu hata jibu lenyewe si la kuaminika. Altaneta yenye dayodi moja iliyokufa inaweza kuendelea kuiendesha injini isiyo na mzigo, ukasema nzima, kumbe usiku ukiwasha taa na feni haitoshi.

FundiVolti
Naunga mkono Ohmu. Tafuta mita ya kidijitali, iweke DC 20 (umeme wa betri, mwisho volti 20), kisha fanya hivi.

Asubuhi kabla ya kuwasha, hata milango usiifunguefungue, pima betri yenyewe. Gusa nguzo ya risasi, si kile kichwa cha waya. Volti 12.6 hadi 12.8 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ukikuta 10.5 au karibu na hapo, kuna uwezekano mkubwa chumba kimoja kati ya sita kimekufa, maana kila chumba hutoa volti 2 na kitu. Hiyo usiipotezee chaja. Kama gari limetoka kutembea, usipime hapo hapo, utaona namba nzuri ya uongo. Washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndiyo upime.

Kisha mtu apige stata wewe ukiwa umeshika mita. Isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikianza 12.6 na ikaanguka hadi 7 au 8, betri ina volti lakini haina nguvu. Ila kama betri ilianza na 12.0, kipimo hiki hakikuambii kitu. Ichaji kwanza.

Mwisho, injini ikinguruma pima tena palepale. 13.8 hadi 14.7 ni sawa. Washa taa kubwa, feni na hita ya kioo cha nyuma, kanyaga mafuta hadi mizunguko 1,500 au 2,000 kwa dakika. Ikibaki juu ya 13.5, altaneta inafanya kazi. Ikiwa inashuka taratibu kuelekea 12, haichaji. Ikipita 15, regyuleta imekufa na inaichemsha betri.

Kipanya_cha_Gereji
Niongeze moja, FundiVolti. Baadhi ya magari mapya, chaji inaamuliwa na kompyuta. Utaona 12.7 ukiwa barabarani na 14.9 ukiachia mafuta kwenye mteremko, na vyote viwili ni sahihi. Dalili yake mara nyingi ni kidude kilichobanwa pamoja na terminali ya hasi kikiwa na waya mwembamba. Kwenye gari la hivyo pima taa kubwa zikiwa zimewaka, usihukumu kwa namba moja.

Bi_Kaboni
Altaneta iliyotumika usinunue kabla hujaifungua ya kwako. Nyingi zinazotupwa hazijafa. Kilichoisha ni kaboni (vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) na regyuleta, na mara nyingi vinakuja pamoja kama kipande kimoja chenye skrubu mbili au tatu nyuma ya altaneta. Kaboni zikibaki milimita 5 hivi, springi haizisukumi vizuri na chaji inakuja na kuondoka. Ukigonga mwili wa altaneta kwa mpini wa bisibisi na chaji ikarudi, umepata jibu. Angalia pia zile pete za shaba kaboni zinapopita. Zikiwa na mfereji mzito, kaboni mpya hazitadumu.

Ukiwa hapo hapo chini, zungusha puli kwa mkono mkanda ukiwa umetolewa. Ikikwaruza, ni beringi.

Waya_Mweusi
Na mkanda wenyewe! Watu wanashusha altaneta nzima kumbe mkanda umelegea au umelowa oili. Ukilia wakati unawasha gari asubuhi na kunyamaza baadaye, anzia hapo.

Ampea60
Mimi nasema weka betri kubwa zaidi ya iliyopo, ikiwezekana AGM (ile iliyofungwa, isiyoongezwa maji), usahau habari hii. Betri ndogo ndizo zinazosumbua watu.

Ohmu
Ampea60, betri kubwa haitibu kinachoinyonya. Chukua betri ya Ah (ampea kwa saa) 45. Gari likinyonya ampea 0.05 likiwa limelala, ni Ah 1.2 kwa siku, hutajua. Likinyonya 0.5, ni Ah 12 kwa siku, na siku ya pili au ya tatu stata haizunguki. Ukiweka ya Ah 60 umeongeza siku moja tu. AGM inafaa kwa gari linalojizima lenyewe kwenye foleni, na lililotoka nayo kiwandani lirudishiwe hiyo hiyo. Kwa gari la kawaida ni hela ya bure, tena haipendi joto la injini wala chaji iliyozidi.

Ampea60
Siku moja si haba, mkuu.

FundiVolti
Watu wanasahau kitu cha katikati, yaani waya. Kuna gari moja lilibadilishwa betri, baada ya miezi michache likabadilishwa altaneta, kisha betri tena. Tatizo liko pale pale. Kila aliyelipima alipima kwenye altaneta, akaona 14.4, akasema chaji safi. Hakuna aliyepima kwenye betri, ambako palikuwa na 13.1 tu. Volti 1.3 zinapotelea njiani na hakuna anayeuliza zinaenda wapi.

Namna ya kuzitafuta: injini inanguruma, taa na feni zimewaka. Weka ncha moja ya mita kwenye skrubu kubwa ya altaneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Hapo gari hilo lilikuwa na 0.2, si mbaya. Kisha ncha moja kwenye mwili wa altaneta, nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo isizidi 0.2 nayo, lakini ilikuwa 1.1! Waya wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye hasi) kati ya injini na bodi ulikuwa mzima kwa nje, ila chini ya plastiki shaba imegeuka unga wa kijani. Umeme ulikuwa unarudi kwa kupitia kebo ya gia, na ukiishika wakati wa kupiga stata ina joto. Kilichohitajika ni waya mmoja mnene wenye vichwa viwili, na kukwangua rangi pale unapofungwa. Betri mbili na altaneta moja zilikwenda kwa ajili hiyo.

Mzee_wa_Kabureta
Hiyo ya kebo ya gia nakubali, hutokea. Ila ya kuchomoa terminali, injini ya zamani ya platini haina kompyuta ya kuungua.

Ohmu
Dayodi za altaneta nazo huziogopi?

Mzee_wa_Kabureta
Haya, endeleeni na mita zenu.

Ngazi_ya_Tatu
Samahani wakuu, nilikuwa mbali na simu. Gari ni otomatiki, injini ya petroli. Linasumbua asubuhi tu, mchana kutwa linawaka vizuri. Linatoa tiki tiki tiki, taa za dashibodi zinafifia. Betri niliikuta kwenye gari, umri siujui, ni ya kuongeza maji. Taa ya betri haijawahi kuwaka hata siku moja. Nimeazima mita: asubuhi 12.1, injini ikinguruma 14.1, nikiwasha taa na feni 13.7.

Waya_Mweusi
Ungeanza na haya tangu mwanzo! Ngoja: taa ya betri haijawahi kuwaka hata ukifungua swichi kabla ya kupiga stata?

Ngazi_ya_Tatu
Hata hapo. Ya oili inawaka, ya betri hapana. Nilidhani ndiyo vizuri.

Bi_Kaboni
Si vizuri. Swichi ikiwa wazi na injini haijawaka, taa hiyo lazima iwake. Kwenye altaneta nyingi, umeme mdogo unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ikiungua au waya ukikatika, altaneta inaweza kuchelewa kuanza hadi ukanyage mafuta. Ulipopima 14.1 ulikuwa umekanyaga?

Ngazi_ya_Tatu
Sikumbuki.

FundiVolti
Rudia. Washa bila kukanyaga, pima. Kisha kanyaga mara moja, achia, pima. Ikiwa kabla ni 12 na kitu, halafu inaruka 14 na kubaki huko, una tatizo la balbu au waya wake, na safari fupi za foleni zinaweza kuwa hazichaji chochote mwanzoni.

Kipanya_cha_Gereji
Mimi macho yangu yako kwenye hiyo 12.1 ya asubuhi. Gari linalochaji 14.1 mchana kutwa halifai kuamka na 12.1. Ama betri haitunzi, ama kuna kinachonyonya usiku. Na anayenyonya anaweza kuwa altaneta yenyewe: dayodi ikivuja, umeme wa betri unarudi ndani yake usiku kucha. Asubuhi, kabla hujawasha, shika mwili wa altaneta. Ikiwa ya uvuguvugu wakati injini ni baridi, mwizi umempata. Hata isipokuwa na joto, iweke mita kwenye AC (umeme wa kupishana) na upime betri injini ikinguruma. Ikizidi volti 0.5, dayodi hazifai.

Kuhakikisha: toa terminali ya hasi kwanza, legeza waya mnene wa altaneta, ufunge kwa tepu usiguse chuma, rudisha hasi. Lala. Asubuhi pima. Ikiwa 12.5 wakati kawaida ni 12.1, usinunue betri.

Ohmu
Na siku nyingine ichaji kwa chaja hadi ijae, ichomoe kabisa kwenye gari, iache usiku. Ikishuka ikiwa peke yake, betri ndiyo yenye kosa. Hizo siku mbili zina maana kuliko hao wauzaji wawili.

Ngazi_ya_Tatu
Kesho wanataka jibu lakini.

Ampea60
Chukua betri. Iliyopo hata umri wake hujui.

Bi_Kaboni
Akichukua betri na dayodi inavuja, ataiua nayo mpya. Betri ya kawaida ya gari ikizoea kulala nusu tupu, sahani zake zinaganda salfeti na hairudi tena.

Waya_Mweusi
Kwa kuwa ni ya maji, fungua vifuniko uangalie. Vyumba vyote sita vikiwa vimekauka kwa pamoja, imechajiwa kupita kiasi. Kimoja tu kikiwa chini, chumba hicho ndicho kibovu au kasha limepasuka. Usiwashe kiberiti kuchungulia, gesi inayotoka ni haidrojeni.

Ngazi_ya_Tatu
Nimefungua. Viwili vya kati viko chini, sahani zinaonekana. Niongeze maji ya betri yale makali au ya kawaida?

Ohmu
Tindikali usiongeze. Kinachopungua ni maji, tindikali inabaki. Weka maji yaliyochujwa kwa mvuke, na si ya bomba.

Mzee_wa_Kabureta
Ya mvua iliyokingwa vizuri pia yanafaa.

Ohmu
Yakitoka kwenye bati lenye kutu yana chuma ndani, Mzee. Chuma kinamaliza betri.

Mzee_wa_Kabureta
Nani kasema bati? Beseni la plastiki uwanjani.

FundiVolti
Mkuu, kwa sasa funika sahani tu kwa maji, usijaze. Ichaji kwanza, maana maji hupanda betri ikijaa chaji, na ukijaza kabla yatamwagika juu na kula terminali. Baada ya chaji ndiyo ufikishe sentimita moja juu ya sahani. Ukiwa na haidromita (kipimo cha uzito wa tindikali), pima kila chumba kikishachajiwa: 1.265 hadi 1.280 ni kizuri, na tofauti ya 0.050 kati ya vyumba haivumiliki. Tuandikie namba za vyote sita, na ile ya kabla ya kukanyaga mafuta.

Kipanya_cha_Gereji
Na ya AC.

Ampea60
Mzee, hilo beseni vumbi je?