Udongo wa bustani za bondeni Mwanza: umechafuliwa, au ndivyo ulivyo kwa asili?

Mama Bustani, Igoma

Habari za leo, wanajukwaa. Sisi ni kikundi cha akina mama tunaolima mchicha, figiri na matembele kando ya kijito kinachoelekea Mto Mirongo. Juu yetu kuna gereji ambako mafuta machafu humwagwa chini na betri za magari hupasuliwa palepale, na mvua ikinyesha maji yote huja kwetu. Mwezi uliopita tulichangishana, tukapeleka maabara udongo wa bustani yetu, wa shamba la mihogo la mwenzetu mlimani, na wa pori la mawe ambalo halijawahi kulimwa. Majibu yanaonyesha kwamba zinki, shaba na risasi ni nyingi zaidi bustanini. Wenzetu wawili wameshaacha kulima. Je, hii inatosha kusema kwamba udongo wetu umechafuliwa?

Bwana Shamba Mstaafu, Magu

Mama, pole, na hongera kwa kupima kabla ya kulaumu. Sehemu tatu mlizopima hazitofautiani kwa matumizi peke yake; ni udongo wa aina mbalimbali. Wasukuma waliupa majina kabla ya maabara yoyote kujengwa. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, mchanga mwepesi uliotokana na kumeng'enyuka kwa granaiti. Ukishuka unakuta itogolo, ambao chini yake una tabaka gumu lisilopitisha maji. Bondeni kabisa kuna mbuga, mfinyanzi mweusi unaong'ang'ania jembe wakati wa masika na kupasuka nyufa kiangazi. Mpangilio huu wa kutoka mlimani hadi bondeni ndio ambao Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliuita katena katika miaka ya 1930, yaani mnyororo, kwa sababu kila udongo umeungana na ule ulio juu yake na ule ulio chini yake.

Luseni haushiki metali. Mvua huziosha na kuziteremsha. Mbuga huzishika, zikiwamo zile zilizotoka kwenye mawe bila mkono wa mtu. Kwa hiyo bustani yenu ingeweza kuizidi milima kwa zinki na shaba hata kama gereji hiyo isingekuwapo. Linganisheni mbuga na mbuga: tafuteni bonde lenye udongo uleule, lisilopokea maji ya gereji wala ya barabara kubwa. Risasi ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu betri zimo jirani, na risasi ikishaingia kwenye udongo haiozi.

Fundi wa Maabara, Nyegezi

Nakubaliana na Mzee, ila naomba kuuliza: mlichukua udongo kwa chombo gani, na mahali pangapi katika kila eneo? Sampuli nzuri huchanganywa kutoka mahali 15 hadi 20, kwa kina cha sentimita 20, kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya mabati imepakwa zinki, na huweza kuharibu kipimo chenyewe.

Wengine hupima pia udongo wa kina cha sentimita 50, wakisema kwamba metali zikiwa nyingi juu na chache chini, basi zimeletwa na watu. Kwenye mbuga hoja hiyo si ya kutegemea sana, kwa sababu udongo wa juu hutumbukia kwenye nyufa kila kiangazi, na mbuga hujigeuza yenyewe taratibu. Na mkirudi maabara, ombeni kipimo cha kadimi, metali nzito yenye sumu, kwa jina, kwani kipimo cha kawaida cha rutuba hakihusishi metali nzito.

Mama Bustani, Igoma

Ahsanteni sana. Ndoo tuliyotumia ni ya mabati, ile ya kuchotea maji, na imeanza kuota kutu ukingoni. Tena bustanini tulichota mahali pamoja tu, karibu na mfereji. Jana nimechimba shimo la sentimita 25 kila upande na 30 kwenda chini, nikaumwaga udongo juu ya nailoni na kuupekua kwa vidole: nimehesabu nyungunyungu kumi na mmoja. Shimo kama hilo mlimani limetoa wawili. Je, si dalili njema?

Fundi wa Maabara, Nyegezi

Dada, nyungunyungu hufuata unyevu na mboji, na ninyi humwagilia kila siku. Wahesabu tena kwenye lile bonde la kulinganisha, hapo idadi itakuwa na maana.

Kwa sasa, mkizingatia afya za wanaokula mboga zenu: risasi hupanda kidogo sana kupitia mizizi, nyingi hunata kwenye majani pamoja na tope linaloruka mvua inaponyesha, hivyo matandazo ya nyasi na kuosha kwa maji safi husaidia sana. Kadimi ni tofauti, kwani huingia ndani ya jani na haioshwi, hasa udongo ukiwa na uchachu. Kiwango cha juu cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimi kwa kilo, kwa hiyo pelekeni na mchicha wenyewe ukapimwe. Matuta yaliyo karibu na mfereji yapandeni bamia, kwa kuwa matunda hukusanya metali chache kuliko majani.

Bwana Shamba Mstaafu, Magu

Na mkinge maji ya gereji kabla ya vuli. Hata majibu yakiwa mazuri, mafuta yale hayana kazi bustanini.

Mama Bustani, Igoma

Jumamosi tunachimba mfereji wa kukinga. Ndoo ya plastiki nimeshanunua, na wale wenzetu wawili wamekubali kuja kuchukua sampuli pamoja nasi.