Ni wakati gani inafaa kuvizia ukiwa na karata nzito kwenye poka?

Mkaazi wa Barani (Malindi)

Assalamu aleikum, ndugu zangu. Naomba msaada katika jambo ambalo limenisumbua tangu Jumamosi. Sisi ni watu sita tunaokutana barazani baada ya sala ya isha na kucheza poka ya Texas Hold'em, ambamo kila mtu hushika karata mbili za siri na tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote, na kwa kuwa hatutaki pesa iingie katika mchezo wetu, tunahesabia komwe za bao, 200 kwa kila mtu.

Nilishika 7 ya shupaza na 7 ya pau. Tuliingia wanne kwa komwe 10 kila mmoja, kwa hiyo mezani pakawa na 40. Karata tatu za mwanzo zilipofunuliwa zilikuwa ghulamu ya kopa, 10 ya kopa na 7 ya uru. Nilipoiona ile 7 ya tatu nilijikaza nisionyeshe furaha, nikapita bila kuweka kitu, kwa nia ya kuwaachia wenzangu wajiingize wenyewe, na huko ndiko tunakoita kuvizia. Hakuna aliyejiingiza, wote walipita. Karata ya nne ikawa 2 ya kopa. Hapo nikaweka 30, wawili wakatupa karata zao, na jirani yangu, fundi cherehani ambaye vidole vyake havitulii hata akiwa hana kitu, akapandisha hadi 90. Nikamfuata. Karata ya tano ilikuwa 5 ya shupaza. Nikapita, yeye akasukuma 100 zilizobaki, nami nikamfuata tena. Akafunua mfalme na 4, zote za kopa, ambazo pamoja na kopa tatu za mezani zilikuwa tano za alama moja na huzishinda 7 tatu, na komwe zangu zote 200 zikamiminwa katika mkebe wake.

Wapo wanaoniambia kwamba nilikosa bahati tu, na kwamba kuvizia ndiyo ada ya mwenye karata nzito. Je, nilikosea kuvizia, au nilivizia sawasawa nikapatwa?

Bint Mambrui

Wa aleikum salaam, kakangu. Ulikosea, na kosa halikuwa kwenye ile 2 ya kopa bali katika zile karata tatu za mwanzo, pale ulipopita. Hebu zitazame tena. Kopa mbili zimelala mezani, kwa hiyo mwenye kopa mbili mkononi amebakiwa na kopa 9 za kumkamilishia tano, kati ya karata 47 asizoziona. Hiyo ni kama 19 katika kila 100 kwa karata moja inayofuata. Isitoshe, ghulamu, 10 na 7 zimekaribiana, na aliyekuwa na 9 na 8 alikuwa tayari ana mfuatano, yaani karata tano zinazofuatana kwa namba, unaokushinda. Kwenye meza ya namna hiyo karata nyingi za nne si salama kwako.

Sasa fikiria ungeweka 30 juu ya zile 40. Fundi angetakiwa kutoa 30 ili agombee 70, yaani alipe bei inayomfaa mtu mwenye nafasi 30 katika 100, ilhali yeye kwa karata ile moja ana 19. Huenda angetupa karata, na huenda angekufuata kwa hasara. Yote mawili ni heri kwako. Wewe ulimpa karata ile bure.

Kuvizia kungekufaa kama hizo tatu zingekuwa, kwa mfano, mfalme, 7 na 2, kila moja na alama yake. Hapo hapana kopa za kusubiriwa wala mfuatano wa kuogopwa, na karata inayofuata ikimpa mwenzako jozi ya malkia, imempa sababu ya kukulipa bila kumpa uwezo wa kukushinda.

Nahodha wa Mayungu

Mwanangu, dada yako amesema kweli kuhusu meza ile, lakini nisingependa uondoke hapa ukidhani kwamba kuvizia ni upumbavu. Mwaka 1988 huko Las Vegas, Johnny Chan, aliyekuwa bingwa wa 1987, alibaki na Erik Seidel katika fainali ya ubingwa wa dunia. Chan alikuwa na ghulamu na 9, na mezani pakafunuliwa malkia, 10 na 8. Alikuwa tayari na mfuatano ambao kwa wakati ule hakuna mkono wowote uliouzidi. Seidel alikuwa na malkia na 7, jozi kubwa kuliko zote mezani, akajiona yuko mbele. Chan akajituliza mpaka Seidel, baada ya karata ya mwisho, akasukuma kila alichokuwa nacho.

Angalia yaliyomsaidia Chan: walikuwa wawili tu, mwenzake alikuwa na kitu cha kumtia moyo, na karata za kumgeuzia kibao zilikuwa chache. Wewe ulikuwa na watu watatu mbele yako. Sisi huku tunaovua sulisuli, anapokigusa chambo kwa ule mdomo wake mrefu tunauachia mshipi kwanza ili ameze, ndipo tunaukaza. Lakini tunauachia kwa hesabu, kwa sababu ukizidisha hukitema akaenda zake. Mtizame mtu kabla ya karata. Mwenye pupa ya kuweka dau mwenyewe ndiye wa kuachiwa mshipi. Mwenye kupenda kufuata tu, huyo mwekee dau tangu mwanzo, maana atafuata hata hivyo.

Bint Mambrui

Mzee, nakubali kuhusu Chan, ila naongeza jambo moja ambalo wanaopenda kuvizia hulisahau, nalo ni kwamba dau hukua juu ya dau. Tuseme mmebaki wawili na mezani pana komwe 20. Ukiweka 14 akafuata, zinakuwa 48. Kwenye karata ya nne ukiweka 32 akafuata, zinakuwa 112. Kwenye ya tano ukiweka 75 akafuata, zinafika 262, na yeye peke yake amekutolea 121. Ukipita mara ya kwanza kisha ukaweka kwa kiasi kilekile mara mbili zilizobaki, atakutolea 14 na 32, yaani 46 tu. Kwa hiyo hata pale ambapo meza haina hatari, kupita mara moja kuna gharama kubwa, na mimi hupita tu ninapoamini kwamba dau langu litamfukuza kila mtu.

Halafu mnacheza watu walewale kila wiki. Ukipita kila unapokuwa na karata nzito na kuweka dau kila unapokuwa na nyepesi, haitachukua Jumamosi nyingi kabla ya baraza nzima kuujua ukimya wako.

Mkaazi wa Barani (Malindi)

Nimewaelewa, na nashukuru kwa moyo mmoja. Limebaki moja: baada ya ile 2 ya kopa, fundi alipopandisha hadi 90, je, nilipaswa kutupa karata?

Bint Mambrui

La, hapo ulikuwa sawa. Ulitakiwa kuongeza 60 na mezani palikuwa na 160. Hata kama tayari alikuwa na kopa tano, ulibakiwa na karata 10 za kukuokoa kati ya 46: ile 7 moja, pamoja na ghulamu tatu, 10 tatu na 2 tatu, ambazo zingekupa tatu za namna moja na jozi juu yake. Hiyo ni karibu 22 katika 100, na ukiipata, bado ana 100 nyingine za kukulipa. Zile 100 za mwisho ndizo zenye shaka, kwa sababu 5 ya shupaza haikukusaidia kwa lolote. Zilifaa kulipwa ikiwa tu unaamini kwamba fundi hudanganya angalau mara moja katika kila nne anaposukuma komwe zote. Wewe ndiye unayekaa naye. Jumamosi ijayo vitazame vidole vyake wakati anaposukuma.