Je, kutafakari kwa Kibudha kuna nafasi katika ndoa zetu?

Mama wa Rau: Wadau, kikundi chetu cha wanandoa hapa Moshi kimegawanyika. Mwenzetu alituletea mafundisho ya Thich Nhat Hanh, yule mtawa wa Kibudha aliyefariki 2022. Anasema binadamu hali kwa mdomo tu. Macho na masikio nayo yanakula, na vingine tunavyovilisha ni sumu. Tukapendekeza wakati wa chakula cha usiku runinga izimwe, simu ziwekwe kando, tukae kimya dakika kumi tukifuata pumzi, kisha mke na mume waongee kwa zamu: shukrani kwanza, halafu kosa langu, mwisho kilichoniumiza. Nusu wamekataa, eti ni kuabudu sanamu. Mimi naunga mkono. Wanaume wa Moshi tunaishi nao kama wapangaji.

Kiboriloni1: Wapangaji? Mpangaji gani analipa ada za watoto wanne na kumwezekea mama mkwe nyumba? Naamka saa kumi alfajiri kufungua marobota ya mitumba. Nikirudi saa mbili usiku nataka kujua dunia imeshindaje. Hiyo nayo ni kosa?

Mwalimu Pasua: Hakuna aliyesema kosa, kaka. Na huyo mtawa hakukimbia habari. 1966 alitoka kwao kwenda Marekani kuomba vita ikome, akazuiwa kurudi. Alikuja kukanyaga tena kwao 2005. Martin Luther King ndiye aliyempendekeza kwa Nobeli ya Amani 1967. Anachokataza ni kula habari mpaka tukaugua.

Mkatoliki Kibosho: Sawa, lakini ukikaa kimya bila kumwita Yesu unamfungulia nani mlango? Mambo ya Wajapani hayo.

Mwalimu Pasua: Vietnam, si Japani. Na hapo Kibosho, kengele ya Malaika wa Bwana ikilia saa sita, marehemu babu yangu aliweka jembe chini migombani akasimama. Ufaransa, kwenye kituo cha Plum Village alichokianzisha huyu mtawa 1982, kengele ikilia wote huacha walichoshika wakavuta pumzi.

Mkatoliki Kibosho: Babu yako alisimama akasali! Usimbatize Ubudha mzee wa watu naye yuko kaburini.

Mwalimu Pasua: Babu yangu nimuachie mimi. Wewe hukumjua.

Bint Majengo: Jamani, muacheni babu apumzike. Mimi napinga, na si kwa sababu ya dini. Mume wangu, Mungu amrehemu, tulinuniana miezi mitatu kwa neno alilolikuta kwenye simu yangu. Sahani naweka, anakula, ananyanyuka. Kimya tulikuwa nacho tele. Leo mnaniambia mtu akae dakika kumi nyingine bila kusema?

Mama wa Rau: Pole sana, mdogo wangu. Ndiyo maana zamu za kuongea zinafuata.

Bint Majengo: Basi anzeni na zamu.

Kiboriloni1: Pole, dada. Ila hizo zamu, nani anaanza kutaja kosa lake?

Mama wa Rau: Tulikubaliana wanaume.

Kiboriloni1: Nilijua! Mpangaji ndiye mwenye makosa.

Mama wa Rau: Kaka, neno lile limekukaa. Nalifuta. Kabla ya makosa kuna shukrani, na mkeo ataanza na ada. Zima runinga usiku mmoja tu. Habari zipo hata saa tano.

Kiboriloni1: Saa tano nimeshalala, mama. Marobota hayanisubiri.