Naomba ushauri: nataka kujitengenezea kinoleo cha tungsteni za TIG

Mchomeaji24: Wakuu salama? Nina miezi michache kwenye TIG, ule uchomeleaji wa umeme ambapo moto unatoka kwenye ncha ya kijiti cha tungsteni huku gesi ikiukinga, mkono umeanza kukubali ila moto unanitesa, unayumba, mara uende kushoto mara ukimbilie ukingo, gesi nimecheki iko sawa na kipande nakisafisha vizuri. Nahisi shida ni kunoa, maana nanolea grainda ya mezani, jiwe lile lile la kusagia vyuma vingine, na nashika kwa mkono kwa hiyo kila ncha inatoka na sura yake. Wazo langu ni nichukue kidrili kidogo cha kasi nikifunge disiki ya almasi, mbele yake niweke kipande cha aluminiamu chenye matundu ya mshazari, la tungsteni ya milimita 1.6 na la 2.4, nachomeka tungsteni nazungusha basi. Nataka kutoboa kwa mwinamo wa nyuzi 30 kutoka uso wa disiki. Kuna aliyewahi kutengeneza?

Rodi_Kavu: Wazo zuri sana mkuu, na umefanya la maana kuuliza kabla ya kutoboa. Tundu la nyuzi 30 litakupa ncha ya nyuzi 60 kwa sababu unazungusha, inaliwa pande zote. Ukitaka ncha ya 30 toboa 15. Pima mwenyewe, kwa 2.4 urefu wa sehemu iliyochongoka uwe kama milimita 4.5, ukiona 2 tu ujue umekosea.

FundiNuru: Hapo kwenye matundu ongeza hili, mimi lilinigharimu kipande kizima. Tundu lisielekee katikati ya disiki. Likielekea kwenye shafti mikwaruzo inakata tungsteni kwa upande, inakuwa kama pete pete, na moto unafuata hizo pete ndo maana unayumba. Sogeza tundu pembeni ili pale ncha inapogusa disiki iwe inapita kwa urefu wa tungsteni, mikwaruzo yote ielekee nchani. Na disiki itoke kwenye mwili kwenda nchani, isije ikiikabili ncha, itang'ata na kuirudisha mkononi kwako.

Mchomeaji24: Aisee hilo la katikati ndo nilikuwa nalifanya kabisa, nilishachora. Sasa kuzungusha nitumie drili ya betri au vidole?

FundiNuru: Vyote vinafaa ila drili iende polepole sana, ikikimbia mikwaruzo inajipinda kama skrubu. Usikandamize, tungsteni inapasuka kwa urefu na huoni mpaka uwashe moto. Na hiyo disiki iwe ya tungsteni tu, usiguse chuma nayo hata siku moja.

Mama Weldi: Jamani mbona hakuna aliyegusa vumbi? Mchomeaji, tungsteni zako zina rangi gani? Kama ni nyekundu zina thoriamu, ina mionzi, na vumbi lake kuvuta ndo hatari yenyewe. Funika kinoleo kwa kiboksi, toboa tundu la mpira wa mashine ya kufyonza vumbi, vaa barakoa ya vumbi na miwani. Mimi nilihamia za bluu, za lanthanamu, zinafanya kazi ile ile kwenye chuma na kwenye aluminiamu.

Mchomeaji24: Ni nyekundu mama, na nimekuwa nikinoa bila barakoa muda wote huu. Naziweka pembeni leo, nachora upya kwa nyuzi 15, tundu pembeni, na boksi. Nikimaliza naleta picha ya mikwaruzo mnicheckie.

Rodi_Kavu: Lete. Na kama unachomelea kwa ampea nyingi, ukishanoa ikate ncha kidogo kabisa, nusu milimita au chini, ile sindano kali inayeyuka na kudondokea kwenye kazi.